KINGA YAKO NAYO INATAKA KINGA

Ndugu mfanyakazi, siku ya Posho asubuhi pita kando ya ziwa pale Baraka, kisha upande mpaka kwenye mto Mutambala. Utaona kinga zimelazwa majini kama ng'ombe walioletwa kunywa. Mwanaume anasugua rimu kwa mchanga, mtoto anazungusha pedali, na hatua kumi chini yao mama anachota maji ya kupikia. Ukiingia uani kwa jirani utakuta mwingine ambaye hakushuka ziwani. Yeye amechuchumaa karibu na jiko la makala, mkononi ana chupa ya esansi na kitambaa, anasafisha mnyororo. Wote wawili wanafanya jambo jema. Wanasafisha chombo kinachowapeleka kazini na kuwarudisha nyumbani. Lakini namna wanavyolifanya ndiyo inayotutia hofu, na ndiyo sababu ukurasa huu leo unaacha habari za kofia na viatu ili kuzungumza juu ya baiskeli.

Wengine watacheka. Watasema usalama ni mambo ya shimoni: miamba, baruti, hewa mbaya. Sawa. Lakini mtu wa kazi hazaliwi getini. Ametoka nyumbani kwa kinga, mara nyingi gizani, pengine amempakia mwenzake nyuma. Atarudi kwa kinga hiyo hiyo akiwa amechoka. Baruti ina mlinzi, ina ghala lenye kufuli, ina mtu aliyefundishwa. Esansi ya kusafishia mnyororo inakaa chini ya kitanda katika chupa ya Fanta.

Maoni yetu ni haya: kusafisha kinga ni kazi ya usalama kama kazi nyingine yoyote ya mgodini. Ni ya mtu mzima mwenye kinga, wala si ya mtoto. Esansi haina nafasi ndani yake hata tone, na ziwa si karai la kuoshea.

Tuanze na mnyororo wenyewe, maana mtu akiujua ataacha kuutesa. Mnyororo wa namna hii, wenye vigurudumu vidogo juu ya pini, ulitengenezwa na Hans Renold mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Tangu siku hiyo haukubadilika sana. Kinga nzito tunazozijua huku, Phoenix ya China, Hero na Avon za India, Raleigh ya zamani ya Uingereza, zote zinatembea kwa mnyororo wa ukoo huo. Una viungo zaidi ya mia moja. Ndani ya kila kiungo kuna pini, juu ya pini kuna bomba dogo, na juu ya bomba kuna kigurudumu. Chuma kinasuguana na chuma mahali usipopaona, pale ndani, kati ya pini na bomba lake. Pale ndipo mafuta yanapotakiwa. Mafuta yanayong'aa kwa nje hayafanyi kazi yoyote, isipokuwa kukusanya mchanga.

Na mchanga tunao. Wakati wa kiangazi barabara ya kutoka Baraka kwenda Fizi ni vumbi jekundu, na kandokando ya ziwa ni mchanga laini unaoingia hata ndani ya sukari. Mvua ikianza, vumbi linakuwa tope. Kati ya mwaka 2020 na 2024 ziwa lenyewe lilipanda likafuata nyumba na barabara, na watu wengi walipitisha kinga zao katika maji yaliyofika nusu ya gurudumu. Mchanga ukichanganyika na mafuta unakuwa ule ule uji wa kunolea unaotumiwa na mafundi kulainisha chuma. Kila ukikanyaga pedali, mnyororo unajinoa wenyewe. Pini inapungua, mnyororo unarefuka, meno yanakuwa makali kama ya papa, na siku moja ukipanda mlima umesimama juu ya pedali, unaruka. Aliyesimama juu ya pedali mnyororo ukaruka, au ukakatika, huangukia bomba la juu au gidoni. Hatuhitaji kueleza zaidi, kila mwanaume ameelewa.

Sasa tuseme juu ya esansi, na hapa tutakaa kidogo.

Kwanza kuna fujo ya majina, na fujo hii ni hatari peke yake. Hapa kwetu Kongo, kwa sababu ya Kifaransa, tunaita petroli yale mafuta ya taa, ya koroboi. Yale ya pikipiki tunayaita esansi. Ukivuka ziwa mpaka Kigoma, neno linageuka: kule petroli ndiyo ya pikipiki, na ya koroboi wanaita mafuta ya taa tu. Baraka ni mji wa bandari. Wafanyabiashara wa ng'ambo wanashuka hapa kila juma, jamaa zetu waliokaa miaka mingi makambini Tanzania wamerudi na lugha ya kule, watoto wao wamekulia huko. Mama mmoja akimtuma kijana, "Niletee petroli nusu lita," yule kijana ataleta nini? Inategemea alikokulia. Akileta ile ya pikipiki ikatiwa katika koroboi, nyumba inawaka. Kwa hiyo nyumbani kwako jifunzeni kusema kwa urefu: mafuta ya taa, au esansi ya pikipiki. Na anayenunua anuse kabla hajalipa.

Katika makala haya tunaposema mafuta ya taa, ni yale ya koroboi.

Tofauti ya hayo mawili si ndogo. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Esansi inatoa mvuke huo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hakuna mtu wa Fizi amewahi kuiona. Maana yake ni kwamba hapa kwetu esansi iliyo wazi iko tayari kuwaka saa zote, mchana na usiku. Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukaenda zake. Unatambaa chini, unafuata mteremko wa ua, unapita chini ya mlango, unalifikia jiko la makala la mama aliye mbali nawe. Mtu anasema, "Lakini moto ulikuwa mbali!" Ndiyo, moto ulikuwa mbali. Mvuke ndio ulioufuata, na ukishika, moto unarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye kitambaa kilicho mkononi mwako.

Sisi wa Kivu ya Kusini si watu wa kuambiwa jambo hili mara mbili. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, kwenye barabara hii hii inayotoka Bukavu kwenda Uvira na kushuka mpaka kwetu, lori la esansi lilipinduka. Mafuta yakamwagika, watu wakaja na vyombo kukusanya. Wengine walikuwa karibu tu, wamekaa kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka ulichukua watu zaidi ya 230, na wengi wao hawakuwa wamegusa hata tone la mafuta yale. Wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja. Utaniambia lile lilikuwa lori zima na chako ni kikombe. Mvuke haujali. Kikombe kimoja kinatosha kwa mama mmoja na mtoto aliye mgongoni mwake.

Tunajua jibu la wenye mazoea: "Nimetumia esansi miaka ishirini, inakata mafuta upesi, inakauka upesi." Ni kweli inakata upesi. Inaingia mpaka ndani ya kiungo, inafukuza mafuta yaliyokuwa pale yanapotakiwa, kisha inakauka na kuacha chuma kikavu juu ya chuma kikavu. Mara nyingi anayesifu esansi ndiye mnyororo wake unaolia barabarani kama kifaranga aliyepotea. Inapita pia katika ngozi ya mikono, na kuivuta puani saa nzima huleta kichwa kuuma na kizunguzungu. Basi hata bila moto haina faida.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Haina ufundi mkubwa, na kwa mtu aliyezoea haipiti nusu saa.

Mfanyakazi wa mgodi anaanza kusafisha mgodini, siyo nyumbani. Tope unaloondoka nalo si tope la shamba. Lina vumbi la mawe meupe yaliyosagwa, lile linaloharibu mapafu polepole kwa miaka. Mahali ambapo wachimbaji hutumia zebaki kukamata dhahabu, tope lina zebaki pia. Likikaukia uani kwako na mtoto akalipiga kwa ufagio, wewe umetoka shimoni lakini umemwingiza mwanao. Si maneno ya kutisha bure. Huko Zamfara, Nigeria, katika mwaka ule ule wa 2010, ilijulikana kwamba watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya madini ya risasi. Mawe ya dhahabu yenye madini hayo yalikuwa yakisagwa vijijini, karibu na nyumba na hata ndani ya nyua, na vumbi likabaki walipocheza watoto. Kwa hiyo, tope la mgodi liondolewe kwa maji na kitambaa chenye maji, hapo hapo kazini. LISIPIGWE KWA UFAGIO LIKIWA KAVU.

Nyumbani chagua kivuli, mbali na jiko, mbali na kisima, mbali na nguo zilizoanikwa. Ndoo moja ya maji yenye sabuni na nusu ndoo ya kusuuzia zinatosha. Sabuni ya mawese tunayotengeneza huku ni nzuri kabisa, haishindwi na ile ya pakiti. Uwe na kitambaa cha zamani viwili vitatu, dodoki, na mswaki wa meno uliochakaa. Kama fenda na rimu zina mafuta yaliyoganda, tumia jivu lililochekechwa, lililolowa kidogo, kama mama anavyosugua sufuria. Kisha suuza vizuri. Jivu linakata mafuta bila kukwaruza. Mchanga wa ziwa unakwaruza: unang'arisha rimu leo na kuondoa ile rangi nyeupe ya juu, na kutu inaingia kesho. Ndiyo maana rimu zinazosuguliwa ziwani kila juma huwa na madoa mekundu mwaka wa kwanza tu.

Usimwage maji kwa nguvu katikati ya magurudumu, wala penye shingo ya gidoni, wala pale mikono ya pedali inapoingia katika mwili wa kinga. Ndani ya sehemu hizo mna gololi ndogo za chuma zilizopakwa grisi. Maji yakiingia hayatoki. Pafute kwa kitambaa kilichokamuliwa, basi. Kinga nyingi za zamani zina tundu dogo katikati ya gurudumu, lenye kifuniko cha bati kinachozunguka. Tundu hilo ni la mafuta, matone mawili kwa mwezi. Vijana wengi hawajui lipo. Na aliyelaza kinga ndani ya ziwa ametia maji katika sehemu hizo zote kwa mkono wake mwenyewe, tena siku aliyodhani anaitunza.

Mnyororo sasa. Simamisha kinga kwenye stendi yake. Futa kwanza uchafu wa nje kwa kitambaa kikavu. Mimina mafuta ya taa kidogo, vijiko vichache tu, katika kopo la sardini. Chovya mswaki, sugua viungo juu na chini, kisha meno ya mbele na ya nyuma. Kama huna mafuta ya taa, maji ya moto yenye sabuni nyingi yanafanya kazi hiyo hiyo. Yanataka mkono zaidi, lakini ukiniuliza mimi, katika nyumba yenye watoto wadogo hayo ndiyo ningeyachagua. Wengine wanaogopa kwamba sabuni italeta kutu. Kutu inaletwa na kuacha mnyororo na unyevu usiku kucha. Ukausha kwa kitambaa, uache juani muda wa chakula, utie mafuta siku ile ile, na kutu haitaiona nafasi.

Unapozungusha, zungusha pedali kwa kurudi nyuma, polepole. Hapo gurudumu la nyuma halitembei na nguvu ni ndogo. Shika mnyororo kwa kitambaa upande wa chini, katikati, mbali na meno ya mbele na ya nyuma kwa kiasi cha shubiri moja. Na hili lisisahauliwe: mkono mmoja kwenye pedali, mmoja kwenye kitambaa, na mikono yote miwili iwe ya mtu mmoja.

Hapa tunagusa desturi ambayo hatuipendi. Baba anashika kitambaa, mtoto anaambiwa, "Zungusha." Au kinyume, ambalo ni baya zaidi: mtoto mwenye vidole vyembamba anapewa kazi ya kuingiza kitambaa kati ya meno, kwa sababu vidole vyake vinafika, na mkubwa anazungusha huku anazungumza na mpita njia. Madaktari wa nchi nyingi wameandika juu ya jeraha hili, linajulikana sana: kidole cha mtoto kati ya mnyororo na meno. Halina huruma, kwa sababu meno hayakati kama kisu, yanasaga. Mara nyingi ncha ya kidole hairudi. Mtoto huyo atashika kalamu namna gani? Mfundishe mwanao kufuta fenda, kiti na gidoni, afurahi kusaidia. Mnyororo ni wa mwenye kinga. Na kinga ikisimama kwenye stendi, isiachwe peke yake na wadogo, maana gurudumu linalozunguka angani linawaita kama peremende.

Likitokea, usirudishe pedali kwa nguvu kumtoa. Mshike mtoto atulie, fungua au kata mnyororo, funga jeraha kwa kitambaa safi ukilibana, inua mkono juu, na muende kituo cha afya mara moja. Kinga inaweza kungoja.

Baada ya kukausha, tia mafuta. Watu hupaka kila walichonacho, na kwetu kilicho karibu ni mawese. Tunayaheshimu mawese, yametulea, lakini mahali pake ni sufuriani. Juu ya mnyororo yanaganda kwenye baridi ya asubuhi, yanachacha, yanavuta vumbi, mende na panya. Wengine hupaka mafuta machafu yaliyotolewa katika moteri ya lori, kwa kuwa ni ya bure. Ni ya bure kwa sababu yameshachoka. Yana masizi na unga wa chuma uliotoka katika moteri, kwa hiyo unautia mnyororo wako mchanga mwingine. Pia yakikaa juu ya ngozi miaka na miaka yanaweza kuleta kansa ya ngozi. Nunua mafuta mapya ya moteri, kiasi cha chupa ndogo ya dawa. Tia tone moja juu ya kila kigurudumu, upande wa ndani wa mnyororo, zungusha mara ishirini, acha yalale yaingie. Asubuhi futa yote yaliyobaki nje. Mnyororo uliotiwa mafuta vizuri hauchafui kidole sana. Ule unaodondosha mafuta mpaka kwenye suruali umetiwa na mtu asiyejua mafuta yanakwenda wapi.

Tone likianguka juu ya rimu au juu ya mipira ya breki, ni jambo kubwa. Fizi iko juu, Baraka iko chini kando ya maji. Aliyeshuka njia ile na madumu mawili ya mawese nyuma anajua jinsi breki inavyolia na mikono inavyochoka. Rimu yenye mafuta haishiki. Hutajua uani, utajua kwenye kona. Kwa hiyo rimu inasafishwa kwa sabuni na maji tu, kitambaa chake kiwe tofauti na cha mnyororo, na kabla ya kutoka nje ya ua sukuma kinga mbele, bana breki ya mbele, kisha ya nyuma. Kama gurudumu linaendelea kuteleza, rudia sabuni.

Mara moja kwa mwezi pima mnyororo kwa rula. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu nafasi 24 kutoka pini mpaka pini. Mnyororo mpya unafika sentimita 30 na nusu. Ukifika 30 na milimita 8, umekwisha, ubadilishe kabla haujala meno. Ukisukuma kwa kidole katikati, uchezee sentimita moja hadi moja na nusu, usiwe kamba ya kuanikia nguo wala uzi wa gitaa. Na kile kibanio kidogo cha kiungo cha kufungulia kina kichwa kilichofungwa na mdomo ulio wazi. Kichwa kielekee upande mnyororo unakokwenda. Ukikigeuza, jiwe moja tu barabarani litakifungua.

Sasa maji machafu na mafuta yaliyobaki. Maji ya sabuni yamwagwe juu ya ardhi kavu, mbali na kisima na mto, udongo utayanywa. Mafuta ya taa machafu yaache yatulie katika kopo usiku mmoja: tope litakaa chini, na yaliyo juu utayatumia tena juma lijalo. Tunarudi tena kwa ziwa, maana tumeambiwa, "Ziwa ni kubwa, litameza." Ziwa Tanganyika ni kubwa kweli, mojawapo ya maziwa yenye kina kirefu kuliko yote duniani. Lakini mama hachoti katikati yake. Anachota ukingoni, pale pale unapooshea. Zoni za afya za Fizi, Nundu na Uvira zimeishi na kolera miaka mingi, na magurudumu yaliyopita katika mitaro na njia zenye kinyesi yanaleta majini kila kitu yalichokanyaga. Akina mama wana haki ya kumwambia mwanaume mwenye kinga atoke. Wasione haya, na yeye asione wamemdharau.

Mafuta yanayobaki, ya taa au ya moteri, yawekwe katika chupa ya rangi isiyofanana na ya kinywaji, iandikwe, iwekwe juu, mkono wa mtoto usipofika. Mtoto mwenye kiu haulizi. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, wala usimpe maziwa au mawese kama wazee walivyozoea. Hatari kubwa haiko tumboni, iko mapafuni, na akitapika mafuta yanaweza kuingia huko. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mpeleke kituoni na chupa yenyewe waione, hata kama anaonekana mzima. Kikohozi kinaweza kuja saa kadhaa baadaye. Na aliyeungua amwagiwe maji safi yasiyo ya barafu kwa dakika 20, bila dawa ya meno, bila mawese, bila tope.

Lipo neno moja kwa wakubwa wa kampuni. Tunawaomba wafanyakazi waache tope getini, lakini getini hakuna mahali pa kuliacha. Mtu anatoka zamu usiku, anapewa nini? Hakuna bomba, hakuna taa, hakuna mahali pa kusimamisha kinga. Halafu tunamlaumu akiishia mtoni. Kampuni inayonunua kofia na viatu haishindwi na hili: sakafu ya saruji ya mita mbili kwa mbili, bomba moja, taa moja, na mfereji unaoishia katika shimo la kokoto na mchanga mbali na mto, lenye kuzibuliwa kwa zamu, na tope lake lirudishwe kwenye lundo la mgodi. Waashi tunao, kokoto tunazo zimejaa uwanjani. Kamati ya usalama ikikaa mwezi ujao, wajumbe wa wafanyakazi waliweke jambo hili la kwanza katika orodha, kabla ya kuzungumza juu ya rangi ya sare.